Anzia kituo cha daladala: kwa mwalimu mpya wa Uraia

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, karibu. Nafundisha Uraia tangu 2018, miaka yote Temeke, na ninalokuandikia hapa nililiona baada ya kupoteza mitatu ya mwanzo.

Nilianza kwa kufundisha kama nilivyofundishwa. Naingia, naandika ubaoni maana ya demokrasia, aina zake, faida zake. Wanafunzi tisini na kitu, madawati yamebanana mpaka mlangoni, wote wameinama wananakili. Nikiuliza kama wameelewa, wanaitikia kwa sauti moja: "Ndiyo, madamu!" Kimya kile nilikiita nidhamu. Mtihani ulipofika walinirudishia maneno yangu yaleyale, lakini swali lililotaka mfano kutoka mtaani kwao wengi waliliruka. Mtoto wa Mbagala, anayeishi jirani na ofisi ya serikali ya mtaa, hakuwa na mfano hata mmoja wa serikali.

Kilichonigeuza ni asubuhi moja ya masika, 2021. Kipindi cha kwanza, nusu ya darasa haipo. Wakaanza kuingia mmoja mmoja, wamelowa, na mwalimu wa zamu ameshawaandika majina getini. Kulikoni? Makonda wamewakataa. Gari likisimama, anapakiwa mwanafunzi mmoja au wawili, wengine wanaachwa kituoni na mvua yao. Andalio langu la siku ile lilikuwa la mihimili ya dola. Nikaliweka pembeni, nikauliza: "Nauli ya mwanafunzi iwe ndogo kuliko ya mtu mzima, hilo aliamua nani?"

Mmoja akasema konda. Mwingine, mwenye gari. Wa nyuma kabisa akasema Rais. Wakaanza kubishana, na mimi nikawaacha wabishane kwanza. Kisha tukafuata uzi. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. LATRA imetoka wapi? Imeundwa kwa sheria ya 2019. Sheria inatungwa na nani? Bunge. Anayemsimamisha konda barabarani ni askari wa usalama barabarani, huyo yuko upande wa Serikali. Na konda akikana kosa, anayeamua si askari wala abiria, ni Mahakama. Kengele ilipolia tulikuwa tumeigusa mihimili yote mitatu, na maana niliziandika ubaoni dakika tano za mwisho tu.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni msichana mmoja aliyenyoosha mkono akasema baba yake ni dereva wa daladala. Akaeleza hesabu: mwenye gari anataka fedha yake jioni, iwe mvua iwe jua, na gari likijaa wanafunzi hesabu haitimii. Darasa likatulia. Mpaka hapo konda alikuwa adui, sasa akawa mtu mwenye shida yake, na swali likawa gumu zaidi: nani abebe gharama ya mtoto kufika shule? Sikuwa na jibu la swali hilo, nikawaambia hivyohivyo. Usiogope kukosa jibu mbele yao.

Tuliandika barua. LATRA ina baraza la watumiaji, na kusikiliza abiria ni kazi ya baraza hilo. Rasimu ya kwanza ilisema makonda wote wana roho mbaya. Nikairudisha: gari gani, kituo gani, saa ngapi, siku ngapi kwa wiki? Walikwenda vituoni na daftari wiki nzima. Rasimu ya nne ndiyo iliyopita kwa mkuu wa shule ikasainiwa. Sikuwaahidi kwamba Jumatatu watapanda bila taabu, na wewe usiahidi. Niliwaambia wanajifunza kudai kwa ushahidi, na kazi ile niliisahihisha kwa alama kama zoezi lolote.

Kuhusu lugha, hili nalisisitiza kuliko yote. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na wengi wa watoto wetu wametoka shule za msingi za Kiswahili. Ukimlazimisha mtoto wa kidato cha kwanza abishane kwa Kiingereza kuhusu haki zake, atanyamaza, nawe utadhani hana maoni. Mimi nawaacha wajadili kwa Kiswahili, halafu tunaandika pamoja kwa Kiingereza, sentensi moja moja, kwa sababu mtihani hautawasubiri. Darasa kubwa lisikutishe: dawati la mbele linageuka nyuma, kundi limepatikana.

Tafuta Katiba ya 1977 kwa Kiswahili, iwe mkononi kila kipindi. Usiisome yote, soma ibara moja polepole. Waambie pia kwamba orodha ya haki haikuwamo tangu mwanzo, iliingizwa kwa marekebisho ya 1984. Wanafunzi hushangaa sana kusikia hivyo, na ndipo wanapoanza kuuliza nani aliongeza, na kwa nini.

Hapa nikuonye kwa lililonikuta. Nilifundisha Ibara ya 13, ile inayosema mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu kabla ya uamuzi kumhusu. Wiki hiyohiyo mvulana mmoja akatuhumiwa kuvunja kioo cha dirisha, na mwenzake wa kidato cha tatu akasimama mstarini, mbele ya shule nzima, akauliza kama mtuhumiwa amesikilizwa. Ofisi ya walimu ilinichemkia. Niliambiwa nafundisha kiburi. Nililia siku ile, sikufichi. Baadaye nikaona walimu wenzangu walikuwa na hoja: shule isiyo na utaratibu haifundishi chochote. Na yule kijana naye alikuwa na hoja. Nililokosea ni kumpa ibara bila kumwonyesha mlango wa kupitia. Sasa, kabla ya mada ya haki, nakaa na mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa taaluma, nawaeleza nitakachofundisha. Na wanafunzi nawafundisha njia: anza kwa mwalimu wa darasa, baada ya mstari, kwa adabu, ukiwa na maneno yako umeyaandika. Tunasoma na Ibara ya 26 hapohapo, kuhusu wajibu wa kutii sheria.

Watakuuliza chama chako. Jibu kwamba kura yako ni siri kama yao itakavyokuwa wakifika miaka 18, kisha urudi kwenye swali. Ila usizime maswali ya uchaguzi kwa kusema "hayo ni ya siasa", maana mfumo wa vyama vingi uliorudishwa 1992 na uchaguzi wa 1995 vimo kwenye mada unazofundisha. Mimi nagawa ubao katikati: upande huu sheria inasemaje, upande ule watu wanadai nini. Mwanafunzi akileta habari ya simuni, tunauliza pamoja ikae upande upi.

Ukiweza, alika mtendaji wa mtaa au mwenyekiti. Watoto wanawajua kupitia barua ya utambulisho tu, na karibu wote hudhani ni mtu mmoja. Hawajui kwamba mwenyekiti huchaguliwa na wakazi kila miaka mitano na mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Omba ruhusa ya mkuu wa shule kwanza, andika barua wiki mbili kabla, na umpelekee mgeni maswali mapema asije akahisi ametegwa. Maswali yatoke kwa wanafunzi wenyewe. Mwaka jana la kwanza lilihusu mtaro ulioziba nyuma ya shule, na mgeni alitaka kwenda kuuona kabla hata hajamaliza soda yake, kwa hiyo mwaka huu nimepanga vipindi viwili mfululizo.