Maswali ya nyumbani: ndoo ya maji, unga wa lishe na dada wa kazi

Barua za safari hii ni nyingi, na baadhi zinauliza yale yale. Nimechagua zinazohusu jikoni na maji kwa sababu huko ndiko watoto wetu wanakougulia. Tunafuta vumbi sebuleni mara mbili kwa siku, vitambaa vya makochi vinafuliwa na kupigwa pasi, na ndoo ya maji ya kunywa haijasuguliwa tangu ilipotoka dukani. Hili limenichosha, na leo nitalisema zaidi ya mara moja.

Shikamoo mwalimu. Ninachemsha maji ya kunywa kila siku bila kukosa, lakini mwanangu wa mwaka na nusu anaharisha karibu kila mwezi. Zahanati wanasema ni maji. Nifanye nini tena? (Mama wa Mbagala)

Marahaba mwanangu. Kuchemsha umechemsha, nakuamini. Sasa yafuate hayo maji tangu yanapoepuliwa. Yanapoa kwenye sufuria iliyofunikwa au iliyo wazi? Yanamiminwa kwenye ndoo ipi? Yanachotwa na nini? Nyumba nyingi nilizoingia nimekuta kikombe kimoja cha plastiki juu ya mfuniko wa ndoo. Baba anachotea hicho, dada anachotea hicho, kisha mtoto wa miaka minne anatoka kucheza mchangani na kutumbukiza kikombe pamoja na vidole vyake. Ikifika saa sita mchana, yale maji uliyoyachomea gesi alfajiri yameshachafuka upya.

Nunua ndoo yenye koki, kama zile za kunawia mikono, na iwe ya maji ya kunywa tu. Kama fedha haijapatikana, tumia dumu lenye mdomo mwembamba na umimine. Mkono hauingii mle. Chombo kikiisha maji, kioshe kwa sabuni kabla ya kukijaza tena. Usiongezee maji mapya juu ya mabaki ya jana.

Halafu kuna jambo ambalo zahanati huenda hawakukuuliza: kinyesi cha mtoto unakitupa wapi? Bado wapo wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara. Kina madhara kama cha mtu mzima. Nepi inafunguliwa, mtoto anapanguswa, mkono unafutwa kwenye kanga, na mkono huo huo unashika mwiko wa uji. Kinyesi kiende chooni, na mikono inawe kwa sabuni kila baada ya kumsafisha na kila kabla ya kumlisha. Tengeneza kibuyu chirizi kwa dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyagia, ukitundike karibu na mlango wa choo pamoja na kipande cha sabuni ya mche. Na kama anatumia chupa ya kunyonya, iondoe. Ile chuchu ya mpira haioshiki vizuri; kikombe na kijiko vinaoshika.

Akiharisha, mpe ORS tangu choo cha kwanza cha majimaji, na soma kwenye pakiti inataka maji kiasi gani. Usipokuwa nayo, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Vidonge vya zinki vimalizwe siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Aendelee kunyonya na kula. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, amelegea au hawezi kunywa, usingoje kupambazuke. Na kwa kuwa hali hii inajirudia kila mwezi, nenda na kadi ya kliniki apimwe uzito, kwa sababu mtoto aliyepungua huharisha zaidi, na anayeharisha huzidi kupungua.

Mdogo anakohoa. Kuna dawa ya maji ya amoksilini iliyobaki alipougua kaka yake mwezi uliopita. Nimpe kiasi gani? (Tabata)

Usimpe hata tone. Unga wa dawa hiyo ukishachanganywa na maji unadumu siku chache, na lebo imeandika ngapi. Tena kikohozi kingi cha watoto hutokana na virusi, ambavyo amoksilini haiviwezi. Akipumua haraka au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, mpeleke hospitali leo. Swali hili limeletwa kwangu mara nyingi mno, na ningependa kujua kwa nini dawa ya mwezi uliopita ilibaki, wakati dozi hutolewa imalizwe.

Naomba uwiano kamili wa unga wa lishe: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga na dagaa. (Mama Kijacho, Morogoro)

Huo uwiano sina, na aliyekupa orodha hiyo hakumtakia mema mwanao. Kumi kwa mkupuo! Nafaka hukaa muda wake, karanga na ufuta vikishasagwa mafuta yake huchacha mapema, soya isiyokaangwa ikaiva humsumbua mtoto tumbo, na dagaa huingia na mchanga wake. Ukivisaga pamoja, kimoja kikiharibika kimeharibu gunia zima, na mtoto akitokwa na vipele hutajua ni kipi kilichomdhuru.

Ninaloliogopa zaidi ni sumukuvu. Ni sumu ya fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Huliharibu ini, na haiondoki kwa kupika, hata uji uchemke saa nzima. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, iliua watu 125. Mwaka 2016 ikaua kwetu, Dodoma na Manyara, kupitia mahindi ya chakula cha kawaida cha nyumbani. Kwa hiyo unaponunua unga wa lishe uliokwisha sagwa na kufungwa kwenye mfuko usio na jina, hujui ndani kuna karanga za namna gani, maana zile mbovu zikishasagwa hazionekani tena.

Saga nafaka moja, ulezi au mahindi, kidogo kidogo. Karanga zichague mwenyewe juu ya ungo kabla ya kukaanga: iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa, na kuku usimpe. Kisha kila sufuria ya uji iongezewe kitu kimoja: leo maziwa, kesho karanga ulizotwanga wiki hiyo, keshokutwa yai. Uji uwe mzito, usichuruzike kwenye kijiko. Yote haya ni kwa mtoto aliyetimiza miezi 6. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake, bila hata maji. Naye akishaanza kula, uji usiwe ndio kila kitu. Mpondee ugali kwa maharage, mchicha na parachichi kutoka chakula cha nyumba nzima.

Huku kwetu Makete baridi ya Juni na Julai ni kali. Tukiingiza jiko la mkaa chumbani usiku na kuacha dirisha wazi kidogo, kuna ubaya?

Kuna kifo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, haina rangi wala haiwashi kooni, kwa hiyo aliyelala haamki. Mkaa unaoonekana kufifia bado unaitoa, na dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Otea moto jikoni kabla ya kulala, jiko likae nje, mkajifunike mablanketi, watoto walale pamoja. Waambie na majirani.

Mende wamenishinda. Dawa gani ni kali zaidi? (Sinza)

Kabla ya ukali wa dawa: usiku sinki liko kavu? Vyombo vichafu vinalala? Takataka zinatolewa kabla ya kulala? Mende anafuata maji na makombo, na ukimwachia vyote viwili dawa itakuwa matumizi yako ya kila mwezi. Ziba nyufa za kabati na ufute nyuma ya jiko la gesi, hapo ambapo mafuta yameganda.

Ukinunua dawa, ikae kwenye chombo chake cha asili, juu, mbali na chakula. Usiimimine kwenye chupa ya soda au ya maji. Nasema hivyo hivyo kuhusu mafuta ya taa na jiki. Mtoto wa miaka miwili anajua chupa ya soda ni ya kunywa, na hana kosa. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa. Mafuta hayo yakipanda na kuingia mapafuni yanamdhuru kuliko yalipokuwa tumboni. Mbebe mpeleke hospitali pamoja na hiyo chupa.

Nimebadilisha wasichana wa kazi watatu mwaka huu. Wote wachafu. Utawapata wapi wasafi? (Mama Bosi, Mbezi)

Watatu wote walipita kwenye jiko moja, mama, na mwenye jiko ni wewe. Ulikaa na nani kati yao siku nzima ya kwanza ukamwonyesha? Binti ametoka kijijini ambako ubao wa kukatia nyama hawautumii, friji hajawahi kuifungua, na dawa ya choo hajawahi kuishika. Unamkabidhi vyote saa kumi na mbili asubuhi ukiwa mlangoni na mkoba, jioni unagomba. Mwonyeshe kwa mikono yako: hiki ni kitambaa cha vyombo, hiki cha meza, hiki cha sakafu, havikutani. Nyama mbichi inakaa chini kwenye friji isidondoshee maji yake juu ya matunda. Rudia naye wiki nzima.

Na niulize mambo ambayo hukuandika. Anakula chakula kile kile mnachokula? Ana kitanda, ana neti? Akiugua anatibiwa? Ni yeye anayeshika chakula cha watoto wako, kwa hiyo minyoo yake ni minyoo yenu na homa yake ya matumbo ni yenu pia. Umri wake je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kama una binti wa miaka 13 jikoni, mahali pake ni shuleni, na hapo sina ushauri mwingine.

Juisi ya boksi inahesabika kama tunda kwenye chakula cha shule?

Hapana. Mfungie ndizi na chupa ya maji.

Mwalimu, natoka Kibaha saa kumi na moja alfajiri kwenda Posta, narudi saa mbili usiku. Nina watoto wa miaka 12, 9 na 4, wakubwa ni wavulana. Nyumba imenishinda. Naomba ratiba. (Mama Watatu)

Pole mwanangu. Ratiba ya kukuamsha saa tisa usiku sitakupa. Wanaozitoa hawapandi daladala. Barua yako ndefu nimeisoma yote, na baba watoto hajatajwa mahali popote. Anaishi humo humo?

Mvulana wa miaka 12 anaosha vyombo, anafua sare yake na anapika wali. Wa miaka 9 anafagia, anajaza maji ya kunawia na anaandaa viatu na mabegi usiku. Wasipofundishwa sasa, watakuja kumchosha binti wa mtu. Baba achukue maji, takataka na soko la Jumamosi, kwa ukamilifu, yaani akumbuke mwenyewe bila kutumwa. Ukibaki wewe ndiye unayekumbuka kila kitu, mzigo haujapungua.

Kupika, punguza moto wa kila siku. Ijumaa usiku loweka maharage, Jumamosi mwaga maji yake, chemsha kilo 2, yagawe kwenye vyombo vidogo na yakipoa yagandishe. Nyanya, vitunguu na karoti zipike rosti ya wiki, nayo igandishwe. Hapo jioni ni kuunga tu na kusonga ugali.

Kiporo kina sheria zake. Wali usilale mezani wala kwenye hotpoti mpaka asubuhi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa kwenye joto letu wanazaana na kuacha sumu isiyoondoka hata ukiupasha ukatoa moshi. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa mbili uwe kwenye friji, na asubuhi uupashe mara moja tu. Umeme ukikatika usiku kucha, utupe wali huo bila kuuonja.

Na yapo ya kuacha. Acha vitambaa vya makochi, viondoe kabisa. Acha kusugua kabati la vyombo vya wageni kila Jumapili. Hiyo saa lala, au kaa na yule wa miaka minne.

Neti tunazo zote, ila mbu wanatuuma mchana, hasa miguuni. Neti ina kazi gani basi? (Ilala)

Neti inakukinga na mbu wa malaria, anayeuma usiku, kwa hiyo endeleeni kuitumia. Huyo wa mchana, mwenye madoa meupe miguuni, ni Aedes, anayeeneza homa ya dengi. Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na baada ya miezi michache watu wakarudi kuacha mapipa wazi.

Huyu mbu hapendi mtaro mchafu unaoulalamikia kwa mwenyekiti wa mtaa. Anapenda maji masafi ya nyumbani kwako: pipa la akiba lisilo na mfuniko, sahani chini ya chungu cha maua, tairi nyuma ya banda, beseni la friji ile ya zamani. Kumwaga maji hakutoshi, kwa kuwa mayai yake hunata kwenye ukuta wa chombo na kustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri kujazwa tena. Kwa hiyo kila wiki mwaga, sugua kwa brashi na sabuni, suuza, kisha funika. Pipa kubwa lisilofunikika lifunge chandarua mdomoni.

Mtu akipata homa ya ghafla, macho yanauma kwa nyuma na viungo vinavunjika, apimwe dengi pamoja na malaria. Kabla ya majibu anywe maji kwa wingi na paracetamol peke yake. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni asiguse, hata muuza duka la dawa akisema ndizo zinazotuliza haraka, kwa sababu mwenye dengi zinaweza kumfanya avuje damu.