Fundi Anajibu: Hitisinki za amplifaya kutoka kwa muuza skrepa

Swali: Amplifaya yangu ina aisii mbili za kukuza sauti, TDA2030, umeme wa volti 14 chanya na 14 hasi, spika za omu 4. Aisii nimezifunga kwenye bamba nililokata kwenye friji bovu. Muziki ukipiga robo saa sauti inakatika, baadaye inarudi yenyewe. Nitafute nini skrepa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Aisii zako ni nzima. Zina kinga ndani inayozizima zikikaribia nyuzi joto 150, na zikipoa zinawaka tena. Tatizo ni bamba, yaani hitisinki, linalotakiwa kutoa joto la aisii: la friji ni chuma, tena jembamba, na alumini hupitisha joto mara tatu au nne zaidi. Nenda skrepa na sumaku mfukoni. Kinachonata kiache hapohapo.

Kwa umeme huo kila aisii hutoa joto la hadi wati 10 hivi, na joto hilo hupanda zaidi sauti ikiwa ya wastani kuliko ukifungulia mpaka mwisho. Kila moja ipe bamba la alumini la milimita 3, sentimita 15 kwa 15, lisimame wima na hewa ipite pande zote. Fremu za madirisha zimejaa kila mahali, ila nyingi ni nyembamba na joto linaganda palepale kwenye skrubu. Silinda ya bodaboda ina mapezi ya kuvutia, lakini bila sehemu bapa ya kukalia aisii nzima, umenunua uzito tu. Ukiona gamba la amplifaya mbovu ya gari, hiyo ni hitisinki tayari, usibishane sana bei.

Rangi ya pale aisii inapokaa iondoe kwa msasa. Toboa tundu la skrubu, kisha zungusha kwa mkono ncha ya keekee ya milimita 8 juu yake mpaka ukingo ulale. Kinundu kidogo tu cha alumini huinua aisii, na hewa inayobaki chini yake ni blanketi.

Swali: Nimebadilisha hitisinki, nikaifunga kwenye boksi la chuma. Sasa fyuzi inakatika kila nikiwasha. (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Mgongo wa TDA2030 umeunganishwa na umeme hasi. Boksi likiwa limeungwa kwenye graundi, umeshoti upande wa hasi. Weka mika (kipande chembamba kinachozuia umeme lakini kinapitisha joto) chini ya aisii na bushi ya plastiki kwenye skrubu, kisha pima kwa multimita iliyowekwa kwenye mlio, umeme ukiwa umezimwa, kati ya mgongo na hitisinki: isilie. Ikilia, angalia kwanza kinundu kilichotoboa mika. TDA7294, aisii nyingine ya amplifaya, nayo ni hivyohivyo. Kwa TDA2030 inayotumia umeme wa upande mmoja, mgongo ni graundi na mika si lazima.

Swali: Hitisinki ya prosesa ya kompyuta inafaa? Na dawa ya meno badala ya pesti ya kupitisha joto? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Inafaa pamoja na feni yake. Mapezi yake yamebanana, bila feni hewa haipandi. Feni ya volti 12 ipe volti 7, itapuliza kimya. Dawa ya meno mwachie mwenye meno: ikikauka inapasuka na kuacha nafasi za hewa. Pesti nyeupe ya mafundi kompyuta inatosha, utando mwembamba pande zote mbili za mika.