Kwa kijana wa stoo anayelazimishwa kusaini

Mleta mada, Bwana Yesu asifiwe. Umeandika kwamba una miezi minne tangu uajiriwe stoo kwenye saiti ya ujenzi, umeokoka, na foromani anataka usaini mifuko 300 ya saruji wakati lori limeshusha 260. Mzigo mwingine unakuja Jumatatu. Unauliza ujasiri unapatikana wapi, maana umeomba na bado unaogopa. Wengi wamekujibu "mtegemee Mungu", na ni kweli. Ila mimi nilishasimama hapo uliposimama wewe, nikaanguka, ndiyo maana nimeona nikuandikie kwa urefu.

Nilikuwa mtunza stoo Mwanza, kwa mzee mmoja mwenye kampuni ndogo ya ujenzi. Mwaka wangu wa kwanza nikaombwa jambo hilo hilo. Mifuko 20 tu. Nakumbuka kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi kwenye kibao cha kuandikia, na dereva akitazama pembeni kana kwamba hanioni. Nikasaini. Jioni nikakuta bahasha kwenye droo. Usiku ule sikupata usingizi. Mara ya tatu nililala fofofo, na kwa kweli hapo ndipo nilipostahili kulia. Mkono huzoea, mdogo wangu. Nilisaini mara kumi na moja, huku Jumapili naimba besi kwenye kwaya.

Kilichonishika ni msiba wa bibi yangu mzaa mama, Bukoba. Bibi alikuwa mlokole wa zamani. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulipita Uganda ukafika mpaka Bukoba, na watu wake walijulikana kwa kutubu hadharani na kurudisha walichoiba. Pale msibani mzee mmoja alisimama akasimulia kwamba akiwa mtoto alimwona bibi anaingia uani kwao, jembe mkononi na mtoto mgongoni. Akapiga magoti mbele ya mama wa yule mzee, akasema, "Hili ni lenu. Nililiiba msimu uliopita, na mliponiuliza nikaapa sijaliona." Mzee alisema asichosahau ni jinsi bibi alivyotetemeka, mpaka yule mtoto mgongoni akaanza kulia.

Hayo yalinifuata njia nzima ndani ya meli. Mimi nilikuwa nangoja hofu iishe ndipo niende kwa bosi. Miaka miwili nangoja! Kumbe bibi alikwenda nayo. Hata Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba alikuwa kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi", na kazi aliifanya. Kwa hiyo usijihukumu kwamba huna imani kwa sababu tumbo linakuuma ukiona lori linaingia getini. Linauma. Nenda nalo.

Nilimwambia mke wangu kwanza. Tukakaa mezani na leja yangu ndogo, tukajumlisha mgao niliokula: 1,150,000. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Rudisha. Dagaa tunajua kuwala." Asubuhi nikaenda kwa mzee, bosi wangu, na 350,000 mkononi. Yeye ni Mwislamu, mtu wa swala tano, na nilikuwa nimejipanga kwa matusi. Hakutukana. Aliniuliza swali moja tu ambalo sikuwa nimelitarajia: "Na nani mwingine?" Nikamjibu kwamba nimekuja kusema la kwangu, ila hati zote kumi na moja ziko kwenye faili na hesabu haifichiki. Mpaka leo najiuliza kama jibu lile lilikuwa uaminifu au woga uliobaki. Wenzangu wawili walifukuzwa wiki ile ile. Mmoja ana watoto wanne, na bado hatusalimiani.

Nami nilimwaga unga siku ile ile. Kanisani wapo walioniambia ningetubu chumbani na Mungu angesikia. Lile liliniuma kuliko kufukuzwa.

Niseme na hili, kwa sababu shuhuda nyingi tunazosikia huishia na kazi mpya yenye mshahara mara mbili. Yangu haikuishia hivyo. Mwaka na nusu tuliishi kwa maandazi ya mke wangu na vibarua vyangu, mtoto akahamishwa shule. Sasa nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mshahara mdogo kuliko wa zamani. Wale vijana watatu wa kwenye Biblia, mfalme Nebukadreza alipowatisha kwa tanuru la moto, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Hilo "kama si hivyo" lisemee moyoni mapema, kabla foromani hajakuita. Ukienda ukiwa umeshapiga hesabu ya zawadi, zawadi ikichelewa utarudi kwenye bahasha.

Na usiende peke yako. Hili naona halisemwi vya kutosha. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda tunamkumbuka kama mtu mmoja aliyesimama mbele ya Idi Amin. Lakini Februari 1977 barua ile ya kulalamikia mauaji na uonevu ilikuwa ya maaskofu wa Kanisa la Uganda kwa pamoja, wakaitia saini. Tarehe 16 mwezi huo Luwum akauawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Hata mtu wa kiwango chake alikuwa na wenzake karatasini. Wewe nani alijue jambo hili? Kama umeoa, mkeo. Kama bado, tafuta wapendwa wawili wasio na domo, uwape siku na saa.

Jumatatu simama kwenye lori wakati wa kushusha, hesabu kwa sauti dereva akisikia. Andika idadi kwa tarakimu na kwa maneno papo hapo, kabla foromani hajafika, halafu piga picha hati yako. Akikuuliza, usimhubirie wala usimtishe. Ikishuka 260 tena, mwambie, "Kaka, nimepokea 260, nitasaini 260." Ukirudia sentensi hiyo mara tatu inatosha. Anaweza kukufukuza, sitakuficha. Na ile hati uliyokwisha kusaini, kama umeisaini, nenda kaiseme wiki hii ikiwa bado ni moja.

Mimi 800,000 zilizobaki nililipa kidogo kidogo, 50,000 kwa mwezi, miezi kumi na sita. Kila mwezi mzee alizihesabu mbele yangu, akaandika risiti, hakusema neno. Mwezi wa mwisho alinikaribisha kahawa.

Nitumie ujumbe binafsi lori likikaribia. Mimi na mke wangu tutakuwa magotini tangu saa kumi na moja alfajiri, na simu itakuwa wazi.