Watoto na klabu za mitumbwi mjini Hilo, Hawaii: yaliyotukuta sisi

Dada, umeuliza mambo manne: kama klabu za mitumbwi pale Bayfront, ufukweni mwa mji wa Hilo, ni za Wahawaii wenyewe tu, kama ni ghali, kama ni salama kwa binti wa miaka 11 na kaka yake wa miaka 14, na kama zile dua zao kabla ya kuingia majini zina neno kwetu Waislamu. Nimekaa Hilo miaka tisa. Wanangu wawili wamekulia kwenye klabu mojawapo pale, na mimi mwenyewe nimepiga kafi misimu mitano. Jina la klabu yetu nitaliacha, maana zimepangana ufukweni na ningependa mzipitie zote mchague wenyewe.

Nianze na usalama, kwa sababu najua ndio unaokunyima usingizi. Mtumbwi wao, waʻa kwa Kihawaii, hubeba watu sita. Una urefu wa mita 12 na zaidi, na wa mashindano haupungui kilo 180 hivi. Umesema umekulia Tanga, basi ngalawa unaijua: mirengu yake, yale magogo ya kuelea kandoni, iko pande zote mbili. Waʻa inao upande wa kushoto tu. Gogo la kuelea linaitwa ama, limeshikwa na boriti mbili ziitwazo ʻiako, na kila kitu kimefungwa kwa kamba. Ukiegemea kushoto umetulia. Ukiegemea kulia ama inanyanyuka, na mnakwenda majini nyote sita. Hilo ndilo somo la kwanza la mtoto, na la pili ni kupinduka kwenyewe.

Kupinduka wanakuita huli. Mtoto hufanyiwa kwanza jaribio la kuogelea, kisha siku maji yametulia mwalimu anaupindua mtumbwi makusudi. Watoto wanaibuka, wanaushika, na kila mmoja anataja namba ya kiti chake kwa sauti, moja mpaka sita, hata ijulikane hakuna aliyebaki chini. Mmoja anakusanya makafi. Wawili wanapanda juu ya tumbo la mtumbwi, wanashika ʻiako na kujivuta nyuma kwa uzito wao wote, huku wengine wakiisukuma ama juu kutoka majini. Ukishageuka, mmoja au wawili wanaingia kufua maji kwa madumu yaliyokatwa na wengine wananing'inia nje mpaka wepesi urudi. Binti yangu mara ya kwanza alilia. Msimu uliofuata yeye ndiye aliyekuwa akiwahesabu wenzake. Usishtuke ukiona watoto wengi hawajavaa jaketi la kuokolea. Muombee wako, atapewa. Wangu alivaa miezi miwili ya mwanzo na hakuna aliyemcheka.

Kitu kinachonitisha mimi zaidi ya kupinduka ni maji ya rangi ya chai. Hilo inapata mvua zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na mito Wailuku na Wailoa yote inamwagia ghubani. Baada ya mvua kubwa maji yanakuwa kahawia na yanaweza kubeba vijidudu vya leptospira. Mwenye kidonda asiingie, hata kama ni siku ya mashindano. Msimu mmoja niliuona mchubuko kwenye mguu wa mwanangu nikanyamaza kwa sababu alikuwa na hamu sana ya kwenda. Ukavimba, tukamaliza wiki mbili na dawa. Tangu hapo namkagua miguu kabla hajashuka garini.

Jambo jingine: ule uwanja mpana wa majani mliouona pale ulikuwa mtaa wa watu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Mei 1960, mawimbi yaliyotokana na tetemeko la Chile yaliupiga mji na watu 61 wakafa. Mtaa haukujengwa tena, na leo ndipo mitumbwi inapolala. Kwa hiyo mtoto wa klabu anafundishwa pia kwamba king'ora kikilia asikae kuuliza, aelekee mlimani. Kila siku ya kwanza ya kazi ya mwezi, saa sita kasorobo mchana, kinalia kwa majaribio. Waambieni wanenu mapema wasije wakatoka mbio bure.

Sasa, je, klabu ni za wenyeji tu? Hapana. Kwenye mtumbwi mmoja utakuta Mhawaii, mjukuu wa Wajapani waliokuja kulima miwa, Mfilipino, Mreno, na sasa Mpemba. Lakini kuna wenyewe, na hilo mlijue kabla hamjafika. Katika karne ya 19 mbio za mitumbwi zilififia, wamisionari wakizipiga vita pamoja na kamari zake, mpaka Mfalme Kalākaua alipozirudishia heshima. Mwaka 1896 sheria iliifanya lugha ya kufundishia shuleni kuwa Kiingereza, na vizazi vikakua bila lugha ya bibi zao. Mwaka 1986 ndipo mtumbwi ukatangazwa kuwa mchezo rasmi wa timu wa jimbo la Hawaii. Hivyo unapowasikia watoto wa miaka minane wanahesabu kwa Kihawaii huku wamebeba mtumbwi, yule mzee aliyesimama kando machozi yakimlengalenga ana sababu yake.

Adabu zake hazitakusumbua. Mtumbwi hauvukwi kwa miguu, unazungukwa hata kama una haraka. Ndani yake hakuna matusi. Walimu wote ni Anko na Anti, na Anko akimkaripia mwanao ujue amemkubali. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilijiona niko nyumbani Wete, ambako mtu mzima yeyote wa mtaani alikuwa na haki ya kunirudi. Na ngalawa ya marehemu baba yangu si mgeni wa mtumbwi huu. Ujuzi wa kuweka gogo la kuelea kando ya chombo unaaminika kufika pwani yetu na watu waliotoka visiwa vya Kusini Mashariki mwa Asia, wale wale waliokwenda kukaa Bukini, yaani Madagaska. Ndugu zao wengine walielekea mashariki, na vizazi vyao ndivyo vilivyofika Hawaii. Nilimsimulia hayo Anko wetu nikamchorea ngalawa mchangani. Aliitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa nini tuliona haja ya mirengu miwili. Tulibishana hadi magharibi.

Kuhusu dua: kabla ya kushusha mtumbwi husimama duara, huimba oli, yaani wito wa zamani, na mara nyingi mmoja huomba, aghalabu kwa njia ya Kikristo. Nilimwendea Anti faraghani nikamweleza. Tangu siku hiyo tunasimama nao kwa utulivu na kimoyomoyo tunasoma bismillahi yetu. Hakuna aliyetulazimisha kutamka lolote. Binti yangu huvaa suruali ya kubana na fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, na kwa jua la huku nusu ya wasichana wamevaa vivyo hivyo.

Ada kwa mtoto ni ndogo. Kwetu msimu mzima ulitugharimu pungufu ya mwezi mmoja wa masomo ya kuogelea tuliyokuwa tukilipia mwanzo. Kafi wanaazima. Gharama ya kweli ni jasho la mzazi, na hapa ndipo wageni wengi tunapokosea. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa namshusha kijana saa kumi na nusu na kuondoka. Nikimchelewesha, niliona ni dakika kumi tu. Ilipofika siku ya mashindano ya kwanza, jina lake halikuwemo. Nilipanda hasira. Nilimfuata mwalimu nikamwambia mtoto ana nguvu kuliko yule aliyepangwa kiti cha nne. Hakunijibu kwa ukali. Alinionyesha daftari: mahudhurio, nani alisaidia kubeba, nani alibaki kuosha mtumbwi kwa maji baridi. Akasema nguvu za mmoja haziendeshi chombo cha sita, na wenzake watano walikuwa wamekaa mchangani wakimngoja kila mara nilipochelewa. Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Ile sura yake sijaisahau.

Wiki iliyofuata nilibaki. Nikafundishwa kufunga ʻiako, nikafungua, nikafunga tena. Harambee za klabu zikaja: wanauza laulau, nyama ya nguruwe iliyofungwa kwa majani ya kalo, na kalo ndiyo majimbi yetu. Nilisema nguruwe siwezi, wakanihamishia kwa kuku wa kuchoma kwa kugeuzwageuzwa, wanamwita huli-huli, neno lile lile la mtumbwi kupinduka. Mwaka uliofuata nikaingia mwenyewe kundi la wanagenzi watu wazima. Siku ya mashindano mbio ni nyingi kutwa nzima, kuanzia watoto wa miaka 12 na chini yake mpaka wazee wa miaka 70, na pointi zote zinaingia kwenye kapu moja la klabu. Nimemwona bibi akitoka majini, mjukuu wake akiingia kwenye mtumbwi ule ule uliolowa. Kwa kijana wa miaka 14 sijaona dawa ya kumtoa kwenye simu inayoshinda hiyo.

Mwaka juzi mzee mmoja wa klabu alifariki. Familia iliomba majivu yake yapelekwe ghubani kwa mitumbwi. Dini yetu inazika na haichomi, na nilimweleza kijana hivyo. Lakini yule mzee ndiye aliyemfundisha kuita. Anayekaa kiti cha tatu kwa kawaida huita, kila baada ya mapigo kumi na kitu, ili wote wahamishe kafi upande wa pili kwa pamoja. Familia ilimtaka yeye aite siku hiyo. Nilimruhusu. Alfajiri ile mlima Mauna Kea ulikuwa wazi hauna wingu, na kutoka ufukweni nilikuwa naisikia sauti ya mwanangu ikienda mbali, kila baada ya muda, haikutetemeka.

Msimu wa watoto ni Juni na Julai, kila Jumamosi, na ubingwa wa jimbo mwanzoni mwa Agosti, lakini mazoezi yanaanza shule bado hazijafungwa, kwa hiyo msingoje likizo. Njooni siku ya kawaida saa kumi jioni, muulize Anti anayeshughulika na watoto, wao wanawaita keiki. Njooni na taulo, maji ya kunywa na nguo za kubadili. Mkifika mkakuta watu wanabeba mtumbwi, wekeni mikoba chini mshike, maswali yatafuata. Na kijana wako akipangwa kiti cha kwanza akakwambia mgongo unamuuma, niandikie faraghani, mke wangu ana mafuta ya karafuu ya Pemba.