Mikanda ya gari la rali: pembe kwanza, chapa baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuandaa magari ya rali, madereva watawauliza kila mara mkanda wa chapa gani ni bora. Wajibuni, lakini mjue kuna jambo linalotangulia. Mkanda wa bei ghali uliofungwa kwa pembe mbaya unaweza kumvunja uti wa mgongo mtu yuleyule unayemlinda. Kazi ya mkanda ni kushika mifupa: nyonga, kifua na mabega. Ukipanda tumboni, utabana ini na utumbo.

Usishike spana kabla dereva hajakaa. Kiti kifungwe mahali pake pa mwisho, dereva avae suti, viatu na helmeti, akae vile atakavyokaa kwenye vumbi la Naivasha siku ya Safari Rally. Mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, naye apimwe kivyake, maana mara nyingi anakaa chini zaidi na nyuma zaidi kuliko dereva. Vipimo vya upande mmoja usivihamishie upande wa pili.

Anza na mkanda wa kiunoni. Ulale kwenye mkunjo ulio kati ya paja na mfupa wa nyonga, kisha ushuke kupitia matundu ya kiti bila kusuguana na ukingo wowote. Baada yake ifuate mikanda inayopita katikati ya mapaja. Madereva wengi hawaipendi, lakini usikubali iachwe. Ukikaza mikanda ya mabega, bizimu, pale mikanda yote inapokutana, huvutwa juu na mkanda wa kiunoni hufuata kuelekea tumboni. Mikanda ya mapajani ndiyo inayouzuia, na ndiyo inayozuia mwili usiteleze mbele chini ya mikanda gari linapogonga. Kwa sababu hiyo mimi sishauri kabisa mkanda wa ncha nne, yaani wa mabega na kiuno tu bila ya mapajani, kwa gari la mashindano.

Mabegani ndiko makosa mengi yaliko. Fundi mgeni huona tundu la bolti la mkanda wa abiria wa nyuma, pale sakafuni, akafunga hapo kwa kuwa ni rahisi. Gari likigonga, kifua kinakwenda mbele na mkanda unayavuta mabega chini. Nguvu yote inaishia kwenye uti wa mgongo, unagandamizwa. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinasema mkanda wa bega, kuanzia ukingo wa juu wa kiti kwenda nyuma, usiteremke zaidi ya digrii 45, na zinapendekeza usizidi digrii 10. Mimi hufuata hiyo 10. Kwa vitendo, hiyo ina maana ya kuufunga kwenye bomba la mlalo la keji (fremu ya mabomba inayolinda waliomo garini), nyuma ya kiti, karibu sawa na kimo cha mabega.

Utepe wa mkanda unapozungushwa kwenye bomba, unapita kwenye kibanio cha chuma, kisha ncha yake inarudishwa tena ndani ya kibanio hichohicho. Watu husahau hatua hiyo ya mwisho, na bila hiyo utepe huteleza. Kisukume kibanio kikaribie bomba, uache mkia wa kama sentimita 10, halafu uvute kwa nguvu zako zote.

Ncha zinazofungwa kwenye bodi zinahitaji sahani ya chuma upande wa chini, yenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 40 na unene usiopungua milimita 3, la sivyo bolti itachana bati. Usifunge mkanda kwenye kiti wala kwenye miguu yake. Kiti kikingʼoka, mkanda utakwenda nacho.

Kisha angalia kila kiungio kimeelekea upande ambao mkanda unavuta. Dale Earnhardt, dereva maarufu wa mbio za NASCAR za Marekani, alipofariki katika ajali mbioni Daytona, Februari 2001, mkanda wake wa kiunoni wa kushoto ulikutwa umekatika. Ripoti ya NASCAR ya Agosti mwaka huo ilieleza kwamba utepe ulijikusanya upande mmoja wa kirekebisho, kile chuma cha kukazia na kulegezea mkanda, ukachanika hapo. Kwa hiyo dereva akiwa amefungwa, pitisha kidole kwenye kila kirekebisho: utepe uwe umelala bapa, upana wake wote ukibeba mzigo.

Wakati wa kufunga, kiunoni kukazwe kwanza, mabega yafuate.

Baada ya kila rali, toa mikanda uikungʼute. Chembe za mchanga zinazobaki ndani ya utepe huusaga taratibu, na bizimu lililojaa vumbi hugoma kufunguka. Soma lebo: mkanda wa FIA una mwaka wake wa mwisho, na huo haujadiliwi. Uliopitia ajali kubwa haurudi kazini hata ukionekana mzima. Ukate kwa mkasi vipande vipande kabla ya kuutupa, kwa sababu ukiuacha mzima kuna mtu atauokota, auoshe na kumuuzia kijana anayejenga gari lake la kwanza.