Tawi lipande kwanza: nilivyougeuza mti wangu wa bonsai

Mama alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, akaukuta mti wangu barazani umezungushiwa waya kuanzia shina mpaka nchani. Akauzunguka mara mbili. "Mwanangu, huu mti umekosa nini mpaka ufungwe hivi?"

Sikuwa na jibu. Wakati huo hata mimi nilishaona nimeharibu.

Mti wenyewe ni ule wa maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa. Kitaalamu unaitwa Callistemon viminalis, asili yake Australia, na hapa Mbeya hauna ugeni. Niliununua kwenye kitalu cha pembeni mwa barabara Uyole ukiwa bado kwenye kiriba. Kwa miaka sita nikaulazimisha usimame wima na matawi yatandae kama sahani, kwa sababu picha zote za bonsai, yaani miti inayodumazwa kwenye chungu ili ifanane na mikubwa, nilizokuwa naziona zilikuwa hivyo. Haukutaka. Kila nikipogoa, vitawi vipya vilirefuka, vikalegea, vikaning'inia. Maua nayo hutoka kuelekea ncha za vitawi hivyohivyo, kwa hiyo uzito ukavivuta zaidi. Mwisho nikasema basi, kama unataka kuning'inia, uning'inie. Wajapani wana jina la mtindo huo, shidare.

Nilianza Oktoba, mvua zikiwa zinakaribia. Nikachukua waya wa kufungia nondo uliobaki kwenye ujenzi, nikafunga kila tawi pale linapotoka kwenye shina na kulivuta chini moja kwa moja. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua tatu nikauangalia. Kuku aliyenyeshewa mvua.

Kabla hujashika waya, nenda kasimame chini ya mti mkubwa wa aina hii uliokua wenyewe. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimeshachelewa. Tawi halitoki kwenye shina likianguka. Linatoka likipanda, linakwenda kwa nguvu zake mpaka mahali fulani, ndipo uzito unalishinda, linapinda mgongo na kumwagika chini. Ule mgongo ndio unaodanganya macho, mti wa futi mbili ukaonekana wa miaka hamsini. Ukiuondoa, anayetazama anaona mti uliokosa maji. Na migongo isilingane kimo. Huku ianzie juu, kule chini kidogo, na ncha zisikatwe sawasawa kama pindo la kitambaa cha meza.

Basi nikafungua kila kitu nikaanza upya. Hapo ndipo nikakutana na ugomvi wenyewe.

Ukilikunja tawi likatazama chini, ncha yake inapoteza nguvu. Mti hupeleka nguvu juu, na sasa sehemu iliyo juu kuliko zote kwenye tawi ni ule mgongo. Baada ya wiki chache machipukizi yanatoka hapo mgongoni, yamesimama wima kama askari, yananyonya kila kitu. Mara ya kwanza niliyafurahia, nikadhani mti umekubali. Baada ya mvua matawi mawili yalikuwa yamekauka kuanzia mgongoni kwenda chini.

Siku hizi nafanya hivi. Machipukizi yaliyo karibu sana na shina, au yaliyojazana pamoja, nayafikicha kwa kidole gumba yangali laini. Lile lililokaa pazuri naliacha lipande linavyotaka mpaka lifike shibiri au zaidi, rangi yake ianze kutoka kijani kwenda kahawia. Likiwa bichi linachomoka kwenye shingo, likishakomaa linavunjika; katikati hapo linakubali. Ndipo nalifunga waya na kulipindisha lifanye mgongo wake lenyewe. Kwa hiyo pazia lote unaloliona leo halikutokana na yale matawi manene ya zamani. Karibu lote limetokana na machipukizi yaliyokuwa yanakwenda juu, msimu baada ya msimu. Anayetaka mti huu kwa siku moja atafute kazi nyingine.

Waya wa nondo usiutumie kabisa. Ni mgumu, unapata kutu, na unauma gome. Mti wangu una kovu la kuzunguka mpaka leo. Muombe fundi umeme vipande vya shaba vilivyobaki. Menya plastiki yote kwanza, kisha weka shaba kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu, iache ipoe. Inakuwa laini kama uzi, halafu inakaza unapoizungusha. Chagua unene wa kama theluthi moja ya unene wa tawi. Ila ile 2.5 ambayo mafundi umeme huutajia waya si unene, ni eneo la mkato wake kwa milimita za mraba; waya wenyewe ukiwa mmoja mzima hauzidi milimita 2. Kipindi cha mvua mti unanenepa haraka, kagua kila wiki. Kuutoa, kata kwa plaizi kipande kwa kipande. Usijaribu kuuzungusha kuurudisha, utaondoka na machipukizi.

Tawi nene ni habari nyingine. La upande wa nyuma nililivunja. Lilisema ka! nikabaki nimelishika mkononi kama mwizi. Sasa matawi ya namna hiyo siyamwagilii siku moja kabla, yanalegea kidogo, kisha nayaviringishia tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu. Nafunga kamba, nafunga na kijiwe, na kila wiki nakisogeza kidogo kuelekea ncha ya tawi.

Usibadilishe udongo msimu huohuo. Mti ubebe taabu moja kwa wakati. Ukifika muda wa kubadilisha, sisi wa huku tuna bahati. Yale mawe mepesi yenye vitundu, yanayoelea majini, yaliyotupwa na Mlima Rungwe maelfu ya miaka iliyopita, wapenzi wa bonsai nchi nyingine wanayanunua kwa mifuko. Sisi tunayakanyaga. Yachekeche, ondoa vumbi, changanya na mboji.

Juni na Julai siugusi. Baridi ikibana, mti haukui na jeraha halifungi. Ncha nazipunguza mara tu maua yanapokwisha, kwa sababu ukikatakata mwaka mzima hutaona ua.

Pengo la lile tawi lililovunjika bado lipo kwa nyuma, ndiyo maana upande huo nimeugeuzia ukutani. Mwezi uliopita chipukizi limetoka hapohapo, sasa lina urefu wa kidole, linakwenda juu. Nimewakataza watoto wasiliguse.