Heli 20 ya Tabora: kupata maoni ya mjuzi bila gharama kubwa

Mkuu, umeuliza kama heli 20 (sarafu ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki) ya 1916 yenye herufi T, iliyopigwa upogo, ni feki au adimu. T ni Tabora. Wajerumani walizipiga wakati wa vita kwenye karakana ya reli, haraka haraka, kwa hiyo upogo peke yake hausemi kitu. Zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano.

Usiisugue! Si ndimu, si dawa ya meno. Ukishang'arisha, thamani imeporomoka. Ipitishie sumaku: ikinasa, achana nayo. Omba sonara wa Kariakoo aipime kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Piga picha pande zote mbili na ukingo, karibu na dirisha, bila flashi. Mstari wa kiungo ukingoni, au vishimo kama vya uji uliochemka, ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu.

Kisha linganisha kwenye Numista, tovuti ya orodha ya sarafu, bure: uzito ulioupata, ukubwa wa taji, na ncha za herufi L za HELLER, zimechongoka au zimepinda. Hapo ndipo bei hutofautiana. Picha hizohizo zitume kwa minada ya sarafu ya Ujerumani. Mingi hukadiria bila malipo. Dalali anayetaka "ada ya uchunguzi" kwanza, mkimbie.